Kuni, koili na maji ya kuoga Kabale

Kabale, mji wa kusini-magharibi mwa Uganda, uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezaliwa Tanga kama mimi hahitaji ramani kumwambia hivyo. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, na asubuhi ukungu hulala bondeni mpaka jua lichoke kuusukuma. Nyumba yetu iko upande wa barabara ya Katuna. Tuko watu saba, na vyumba viwili vya nyuma tunawapangisha madereva wa malori wanaolala hapa kabla ya kuvuka mpaka kuelekea Kigali. Dereva aliyeshika usukani tangu Kampala hana haja ya hadithi. Anataka kula, kuoga maji ya moto na kulala. Ukimpa maji baridi anashukuru kwa heshima zote, na safari ijayo analala kwa jirani.

Tulianza na umeme kama kila mtu. Shawa ile ya kupasha maji papo hapo inavuta kilowati tano na zaidi, na uniti moja ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa nyumba ya kawaida ilikuwa inapita shilingi 700. Ukipasha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 60 unamaliza takriban uniti 10, yaani zaidi ya shilingi 7,000 kwa siku. Kwa mwezi ni laki mbili na kitu, na hapo hujapiga pasi wala kuwasha taa. Tena jioni, saa ambayo mji mzima unapika na kuangalia taarifa ya habari, nguvu ya umeme inashuka na shawa inabaki kutoa vuguvugu. Mitambo ya jua tuliiuliza bei. Ni kitu kizuri, sina neno nacho, lakini miezi ya mvua hapa inakuwa na mawingu kutwa, na bei yake wakati ule ilitushinda. Kuni tunazo. Ukoo wa mume wangu una kalitunsi bondeni, yaani mikaratusi, mti ambao ukiukata unachipua tena kwenye kisiki. Kwa hiyo tukaamua kuni.

Boila ya kwanza ilitengenezwa na mchomeleaji wa mtaani: mapipa mawili, dogo ndani ya kubwa, moto katikati na maji yakizunguka pembeni. Maji yalishuka kutoka kwenye tangi la darini, yakaingia chini ya boila, yakatoka juu moja kwa moja hadi bafuni. Laki tano, pamoja na bomba la moshi. Siku za mwanzo tulijiona wajanja sana. Madereva walikuwa wanaimba bafuni.

Kisha maji yakaanza kutoka na rangi ya kutu. Kwanza kidogo asubuhi tu, baadaye kila mara. Taulo nyeupe za wageni zikawa za kahawia, na sabuni ya aina yoyote haikusaidia. Sababu nilikuja kuielewa baadaye: kila mtu akioga, boila inapokea maji mapya, na maji mapya yana hewa ndani yake. Hewa hiyo pamoja na joto ndiyo inayokula chuma cha kawaida. Maji yaleyale yakikaa humo bila kubadilishwa, oksijeni yake inakwisha na kutu inapungua sana. Sisi tulikuwa tunailisha boila hewa mpya kila siku, asubuhi na jioni.

Lakini kutu ilikuwa shida ndogo. Fundi alikuwa ameweka koki kwenye bomba la kutoka, juu ya boila, ili tufunge tukiwa hatuogi. Na kwenye bomba la kuingia aliweka vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, ili maji ya moto yasipande kwenye tangi la dari. Kila kimoja peke yake kina maana. Vyote viwili pamoja, moto ukiwaka, umefunga maji kwenye chuma na hayana pa kutokea. Jirani yetu, afande mstaafu aliyezoeana na mume wangu, alipita siku moja kuazima msumeno, akasimama akaiangalia, akasikia inavyogonga ndani.

"Shemeji," akaniambia, "nani kafunga hiyo koki?"

"Mimi. Hakuna anayeoga saa hizi."

"Basi ifungue polepole, usimame pembeni, halafu uondoe watoto hapa. Hiyo uliyonayo ni bomu."

Niliifungua kwa kitambaa. Mvuke ulitoka bafuni kwa kelele iliyoamsha mbwa wa mtaa mzima. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi kubwa kuliko awali kwa mara 1,600 hivi, na mvuke usio na njia ya kutoka huitengeneza wenyewe. Jioni ile sikula. Nilikuwa nawaza kuhusu mtoto wa dada yangu, ambaye kila siku alipenda kukaa karibu na boila kwa sababu ya joto lake.

Ni huyo afande aliyetupeleka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya hospitali, boila kubwa za kufulia na kuchemshia vyombo. Mzee hakuchora kitu. Alisema sentensi moja ambayo ningependa kila mchomeleaji wa Uganda aiandike ukutani kwenye karakana yake: "Maji ya boila yasiogeshe watu, na maji ya kuoga yasiingie kwenye boila."

Maana yake ni kwamba kuna maji ya aina mbili yasiyokutana. Ya kwanza ni ya boila, yanazunguka yaleyale mwezi hadi mwezi, yanabeba joto tu. Ya pili ni maji safi ya kuoga na kuosha vyombo. Kati yao kuna ukuta wa chuma chembamba, na joto linapita kwenye ukuta huo bila maji kuchanganyika. Kifaa chenye ukuta huo ndicho kibadilisha joto. Mafundi wengi watakuambia "koili", kwa sababu hiyo ndiyo wanayoijua, ila mzee alitueleza kuwa ziko namna tatu zinazofaa nyumbani. Kuna koili, yaani bomba la shaba lililozungushwa ndani ya tangi. Kuna bomba ndani ya bomba, maji ya boila yakipita nje na ya kuoga ndani, likisimama wima ubavuni mwa tangi. Na kuna ya sahani: bati nyembamba za chuma cha pua zilizobanwa pamoja, maji haya yakipita upande mmoja wa kila bati na yale upande wa pili.

Ya sahani ndiyo iliyotuvuta. Ni ndogo, unaishika kwa mkono mmoja, na inapitisha joto jingi kuliko koili ndefu. Mume wangu alikuwa ameona video zake za nchi za baridi, boila inang'aa, mabomba yamenyooka, saa za kupimia joto kila mahali. Akainunua Kampala pamoja na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Karibu milioni moja. Nilisema tusubiri. Hatukusubiri.

Kusema kweli ilifanya kazi vizuri. Maji yalikuwa ya moto kwa watu watatu mfululizo, mtu hajui mwenzake ametumia. Tatizo ni kwamba sahani bila pampu ni kipande cha chuma tu. Njia zake ni nyembamba mno, maji hayapiti kwa nguvu yao wenyewe. Na pampu inataka umeme.

Umeme ulikatika saa mbili usiku, wiki ambayo boila ilikuwa imejazwa kuni kavu hadi mlangoni. Ukikatika ukiwa unatumia hita ya umeme, hita inazimika na habari imeisha. Moto wa kuni hauna swichi. Pampu ilisimama, maji yakabaki palepale kwenye boila, moto ukaendelea. Bahati ni kwamba mzee alikuwa ametulazimisha kuweka bomba la wazi linalopanda juu ya paa, lisilo na koki wala vali yoyote, na ndilo lililotuokoa. Kwa mwinuko wa Kabale maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, hayafiki 100, kwa hiyo yalianza kuruka juu ya paa mapema kuliko mtu wa Tanga angetarajia. Yalimwagika kwenye mabati, yakashuka kwenye mfereji, uani pote mvuke. Mume wangu alikuwa anavuta kuni zinazowaka kwa koleo, mimi namwagia udongo. Usimwagie maji moto wa boila iliyopungukiwa maji: chuma cha moto kikipata maji ghafla kinapasuka, na mvuke unakurudia usoni.

Baada ya hapo tuliongeza betri na inveta, tukafikiri tumemaliza. Lakini kitu cha pili kikaja polepole. Maji ya bomba yakikatika kwa siku moja au mbili kisha yakarudi, yanakuja na tope. Tope hilo likaingia kwenye sahani upande wa maji ya kuoga likaganda. Shawa ikapungua hadi ikawa inadondosha. Tulisafisha kwa siki, ikapona kwa muda, ikarudia. Sahani inataka chujio mbele yake, na chujio linataka mtu wa kulisafisha kila wiki, na mtu huyo angekuwa mimi. Tuliiuza pamoja na pampu kwa chini ya nusu ya bei.

Sisemi sahani ni mbaya. Mahali penye umeme wa kutegemewa, maji safi na mtu wa kuiangalia, ningeichagua. Kwa nyumba yetu nilitaka kitu kinachofanya kazi gizani, umeme usipokuwepo na mimi nikiwa nimelala.

Mfumo wa sasa ni huu. Pipa la lita 200 limejaa maji ambayo hakuna mtu anayeyaoga. Boila iko chini yake, uani, na pipa liko juu karibu na ukuta wa jiko, kwenye jukwaa la matofali. Mteremko wa kiwanja, ambao tuliulaani wakati wa kujenga, hapa umetufaa. Maji ya boila yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda kwa bomba la juu hadi kwenye pipa. Yaliyopoa yanashuka kwa bomba la chini kurudi kwenye boila. Hakuna pampu. Moto ukizidi, mzunguko nao unaongezeka kasi. Ndani ya pipa zimelala koili za shaba, na ndani ya koili yanapita maji safi kutoka kwenye tangi la dari kwenda bafuni. Yanaingia baridi upande wa chini, yanatoka ya moto upande wa juu. Pipa lenyewe lina bomba la wazi juu, na kitangi kidogo chenye boya cha kuongeza yanayopungua kwa mvuke, kwa hiyo haliwezi kujaa shinikizo hata tukitaka. Ndiyo maana pipa la kawaida la shilingi elfu tisini linatosha kazi ambayo ingehitaji tangi la bei mbaya.

Mabomba kati ya boila na pipa yawe manene, inchi moja na robo au zaidi, na yapande bila kushuka popote. Hilo "bila kushuka popote" fundi wetu alilichukulia kama ushauri. Alipitisha bomba juu ya dirisha la stoo, likapanda, likashuka kidogo, kisha likapanda tena. Tulipowasha moto boila ilianza kunguruma na pipa likabaki baridi. Mzee alikuja, akaweka kiganja kwenye bomba, akakisogeza taratibu. Hapa linaunguza, hapa linaunguza, kisha upana wa viganja viwili mbele yake, baridi kabisa. Hewa ilikuwa imejikusanya kwenye nundu ile na kuziba njia. Akamwambia fundi: "Kijana, kata hapa." Fundi alinuna, akakata, akanyoosha. Ndani ya nusu saa pipa lilikuwa linatoa joto. Tangu siku hiyo naamini kiganja kuliko kipimajoto, ingawa vyote viwili ninavyo.

Sasa koili, maana hapa ndipo pesa na akili zinapokwenda. Koili ya kwanza ilikuwa na mita sita tu za bomba la milimita 15. Fundi alisema zinatosha kwa sababu pipa linachemka. Mtu wa kwanza alioga vizuri, ila alipofungua shawa kwa nguvu maji yakawa vuguvugu huku pipa likiwa kwenye nyuzi 80. Joto lilikuwepo, njia ya kulitoa ndiyo ilikuwa ndogo. Shawa ya lita tano kwa dakika, ukipandisha maji kutoka nyuzi 18 hadi 40, inahitaji karibu kilowati nane, na zote lazima zipite kwenye ngozi ya shaba wakati maji yanapita tu. Kila mita ya bomba la milimita 15 ina ngozi ya takriban sentimita za mraba 470. Mita sita hazifiki hata theluthi ya mita ya mraba. Fundi akikuambia koili fupi inatosha, muulize itatoa lita ngapi kwa dakika na kwa joto gani. Akicheka, tafuta mwingine.

Tulinunua marola mawili ya mita 15 ya shaba laini, kila moja karibu laki tano. Tukayaunganisha sambamba, maji yanagawanyika mara mbili na kukutana tena nje ya pipa. Hilo lina faida mbili. Tangi la dari lina shinikizo dogo, na bomba moja refu la mita 30 lingelipunguza zaidi. Ukigawa njia, maji yanapita kirahisi. Pia hakuna kiungo chochote ndani ya pipa. Kiungo kikivuja ndani hutakiona, utashangaa tu kitangi cha boya kinafurika kila siku.

Kuzungusha shaba bila kuivunja ni kazi ya jioni nzima. Tulijaza bomba mchanga mkavu uliochekechwa na kukaangwa kidogo kwenye sufuria ili usibaki na unyevu, tukaliziba ncha kwa vijiti vya mti. Mwanangu wa kwanza alishika mtungi wa gesi mtupu, fundi akaizungusha shaba kwenye mtungi kwa viganja tu, bila nyundo, akiisukuma kidogo kidogo huku mimi nikilisha bomba kutoka nyuma. Ukivuta kwa haraka bomba linajikunja na kuwa bapa, na mahali hapo ni pa kutupa. Mchanga ndio unaolizuia. Koili ya pili ilizungushwa kwenye ndoo nyembamba ili ikae ndani ya ya kwanza. Halafu ukaja muda wa kutoa mchanga: kuligonga bomba kwa mti, kulitikisa, kupuliza, kupitisha maji, kuligonga tena. Mchanga ulikuwa unatoka bafuni wiki nzima baadaye, punje mbili tatu, na dereva mmoja akauliza kama tunachota maji ufukweni.

Shaba na bomba la chuma lililopakwa zinki visiguse moja kwa moja. Maji yakipita kwenye shaba kwanza kisha kwenye bomba la zinki, zinki inaliwa haraka na bomba linatoboka. Weka kiungo cha shaba nyeupe katikati, na ukiweza, baada ya koili usitumie zinki kabisa. Mabomba ya kijani ya plastiki, yale ya PPR wanayoyayeyusha kuunganisha, yanafaa kwa maji ya moto ya bafuni, lakini si karibu na boila. Kwa matumizi ya kila siku yanapendelea maji yasiyopita nyuzi 70, na boila ya kuni ikijisahau inafika 90. Kwetu sehemu yote ya boila na pipa ni chuma, plastiki inaanzia baada ya vali ya kuchanganya.

Hiyo vali ya kuchanganya tuliinunua kwa laki mbili na nusu, na kuna aliyeniambia ni anasa. Inachanganya maji ya moto na baridi yenyewe na kutoa nyuzi 45, hata pipa likiwa 85. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, ya mtoto upesi zaidi. Mgeni hajui tabia ya boila yako. Hapa usibane pesa.

Watu wanaoangalia video za Ulaya watasikia habari za dawa ya kuzuia maji kuganda, na vibadilisha joto vyenye kuta mbili ili dawa hiyo isifike kwenye maji ya kunywa. Kule bomba linapasuka kwa barafu. Kabale kwa baridi yake yote haifiki huko. Tumia maji matupu kwenye pipa, basi.

Kuni nazo zina mambo yake. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la megajuli 15 hivi. Ikiwa mbichi, nusu yake, kwa sababu moto unaanza kwa kukausha maji yaliyo ndani ya mti. Lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 60 zinahitaji megajuli 35. Boila ya kienyeji kama yetu ikishika theluthi ya joto, na lililobaki likienda angani, ni kilo saba za kuni kavu. Ndicho tunachochoma siku ya kawaida, wageni wakijaa kinaongezeka. Kalitunsi mbichi iliyopasuliwa jana itakutafuna kilo 14 au zaidi, na itakupa zawadi ya pili, lami. Mwaka wa kwanza tulichoma kuni za wiki mbili tatu. Bomba la moshi liliziba hadi tundu likabaki la kupitisha ndimu, na kuta za boila zilikuwa zinatoka jasho jeusi linalonuka. Moshi wenye unyevu ukigusa chuma kinachopozwa na maji baridi unageuka kuwa maji machafu na lami, na vyote viwili vinakula chuma. Hali hiyo inaendelea mpaka maji yanayorudi kwenye boila yakaribie nyuzi 60. Mitambo mikubwa ina vali inayozuia maji baridi kurudi mpaka boila ipate moto. Sisi hatuna. Tunawasha kwa vijiti vyembamba vikavu ili joto lipande haraka, na tunakwangua bomba la moshi kila mwezi. Lami ikiachwa humo, siku moja itashika moto ndani ya bomba, na hapo paa lina kesi.

Kuni zetu sasa zinapasuliwa na kupangwa chini ya bati, upepo ukipita, miezi sita au zaidi. Ukigonga vipande viwili vikavu vinalia. Vibichi vinatoa sauti ya mtu anayegonga mlango uliolowa.

Boila iko nje na itabaki nje, chini ya banda lisilo na kuta. Kuna waliopendekeza tuiweke ndani ya chumba cha bafu ili ipashe na chumba. Hapana. Hewa ya sumu ya moto haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke.

Pipa tulilizungushia unga wa mbao mkavu, unene wa shubiri moja, ndani ya gamba la bati. Sufi ya glasi ingekuwa bora ila bei yake ilinikatisha tamaa. Tukizima moto saa mbili usiku maji yakiwa kwenye nyuzi 75, alfajiri bado ni ya kuogea. Bati lisiruhusu mvua kuingia, kwa sababu unga wa mbao uliolowa haushiki joto lolote, tena unaoza. Na gamba hilo lisifike karibu na bomba la moshi.

Gharama ya mfumo unaofanya kazi sasa, boila mpya ikiwemo, ilikuwa milioni tatu kasoro kidogo. Ukijumlisha boila ya kwanza na hasara ya sahani na pampu, tulipoteza nyingine zaidi ya milioni moja. Kwa miezi kadhaa mimi na mume wangu tulizungumza habari za boila kuliko habari za watoto, na si kwa sauti nzuri. Bili ya Yaka imeshuka sana, hilo ni kweli, lakini kuni si bure hata zikiwa zako. Kuna wa kukata, wa kupasua, wa kubeba, na kuna mtu wa kuwasha kila jioni hata mvua inyeshe. Mwenye kununua kuni zote apige hesabu yake upya, huenda jua likazishinda kuni kwa bei.

Kinachonisumbua sasa ni pipa lenyewe. Kwenye mshono wa chini limeanza kutoa alama za kutu, na mchomeleaji ametupa bei ya tangi la chuma cha pua ambayo tunaikusanya. Ukitengeneza lako, mwambie fundi mfuniko wote ufungwe kwa bolti na raba ya kuziba. Letu walilichomelea juu pande zote, kwa hiyo siku ya kulibadilisha itabidi tulikate kwa grenda huku shaba ya milioni moja iko ndani.